Hatua Sabini za Kasiani

Wenzangu wa kikundi cha Mchombe, naandika haya kwa sababu najua mnayosema. Nimeyasikia bombani, nimeyasikia nje ya kanisa hata kabla watu hawajatawanyika. "Bibi Ishirini na Tano katuuza kwa wifi yake." Haya. Mimi nimeishia darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama mgongo wa Udzungwa, lakini safari hii niliifanya mwenyewe, sikusimuliwa. Nitawapitisha kituo kwa kituo. Mkifika mwisho mkaona bado ni msaliti, mlango wangu mnaujua.

Sababu ya safari mnaijua, ila naiandika kwa ajili ya wajukuu watakaosoma baadaye. Misimu mitatu mradi umekuwa nasi. Ulituletea mbegu mpya ya mpunga, ukatufundisha kuipanda kwa mistari kwa kufuata kamba, na ukatupa pingili safi za muhogo zisizo na batobato, ule ugonjwa unaokunja majani kama sikio la mbwa mgonjwa. Sasa mradi ulitaka kujua nani aendelee nao na nani aachwe. Kikundi kitakachoongoza kupewa pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Kikundi kisichofika gunia kumi na nane kwa ekari kuondolewa, na shamba lake la mbegu ya muhogo kukatwa, pingili zipelekwe kijiji kingine.

Watu wa mradi wakasema kila ukaguzi uende na mkulima mmoja. Mkanichagua mimi. Mlinichagua kwa kuwa mdomo wangu hauna kifuniko, na kwa kuwa nilivuna gunia ishirini na tano kwenye ekari moja, nikapewa cheti na jina. Hakuna kijiji kilichotukaribia. Mlikwisha kuanza kugombana nani ataendesha pawatila, kumbukeni.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Mchombe. Gari la mradi lilipiga honi mbele ya nyumba yangu. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Cheti changu nilikitia kwenye bahasha, nikaikumbatia. Dereva alikuwa Makoye, Msukuma mnene mwenye kucheka. Mkaguzi alikuwa binti wa Morogoro aitwaye Rehema, mwembamba, ana kishikwambi mapajani, lile bamba la kioo wanaloandikia kwa kidole.

"Shikamoo, bibi," alisema Rehema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea nyuma."

"Bibi, kiti cha mbele ni cha afisa," Makoye akanong'ona.

"Afisa aliyelelewa vizuri humpisha mkubwa."

Rehema alishuka akahamia nyuma, anacheka. Nikapanda.

Njiani kuelekea Mbingu, milima ikiwa mkono wa kushoto, mashamba yalikuwa yamebaki mabua matupu, na ng'ombe wa Wasukuma wameingia kuyala. Nikamwambia Makoye, "Ndugu zako hao, wametusubiri tuvune ndipo waje kufagia." Naye akajibu, "Na mbolea tunawaachia bure, bibi, hata asante hamjui." Tulikwenda vizuri hivyo, utani juu ya utani, mpaka Rehema alipoanza kusoma orodha yake.

"Kesho tunapita Kiberege, tunamalizia Mkula. Mkula ndio wana shida. Gunia kumi na nne kwa ekari. Mwenyekiti wao ni mama mmoja, Leokadia..."

Nikajua ni nani kabla hajamaliza jina.

"Huyo ni wifi yangu," nikasema. "Mdogo wa marehemu mume wangu."

Kidole chake kikasimama juu ya kioo. "Bibi, hukutuambia."

"Hukuniuliza."

"Watasema unampendelea."

"Nimpendelee Leokadia? Huyo alisimama kwenye msiba wa Kasiani, mbele ya waombolezaji wote, akasema nilimlisha kaka yake uji mwepesi. Miaka tisa tunasalimiana kwa kidevu. Kama ana kumi na nne ni uvivu wake wa palizi, ninamjua tangu usichana."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyoamini. Naandika ili mjue niliondoka hapa na moyo wa namna gani.

Saa nane mchana tulikuwa Ifakara. Kwenye ofisi ya mradi alitupokea mratibu, bwana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Aliniita mama, akanisifu kwa ishirini na tano zangu, nami nikakitoa cheti kwenye bahasha akakiangalia tena, ingawa ndiye aliyekitia sahihi. Kisha akamgeukia Rehema.

"Msikae sana huko. Takwimu tunazo, nyinyi ni kuthibitisha tu. Ijumaa saa tatu kikao. Jumatatu gari linakwenda Mkula kukata pingili."

"Gari limeshapangwa kabla ya kikao?" nikauliza.

"Ni maandalizi tu, mama."

Sikulipenda neno hilo. Kwetu ukiona mtu ananoa kisu, huendi kumuuliza kuku kama amekubali. Lakini nilinyamaza. Kuku alikuwa Leokadia, hakuwa mimi.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kiberege. Wale wa kikundi cha Kiberege walikuwa wamejiandaa, wakajibu haraka haraka, nao walifika kumi na tisa, hawakuwa na tatizo. Tulipotoka, Makoye alisimama pembeni ya soko anunue ndizi. Malori ya miwa yalipita yakituachia vumbi. Ng'ambo ya barabara, kwenye jaruba lililokwisha kuvunwa, wanaume wawili walikuwa wanapigiana kelele na watu wamewazunguka. Mmoja alikuwa anakodisha shamba, mwingine anakodi. Kama mnavyojua, huku kwetu ekari ni hatua sabini kwa hatua sabini. Basi mkodishaji alikuwa amemleta mdogo wake apime, kijana mfupi, anatembea kama ana mwiba kwenye unyayo. Mkodi naye amemleta shemeji yake, mtu mrefu, miguu kama nguzo za umeme.

"Hiyo si hatua, hiyo ni kuruka!" anasema mmoja.

"Na yako ni hatua au unatafuta sindano chini?" anajibu mwingine.

Makoye aliinama kwenye usukani kwa kicheko. "Bibi, si ndiyo desturi? Ukikodi nenda na mrefu, ukikodisha tuma mfupi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Rehema naye alicheka. Hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi ya hapo, na tulikuwa kwenye gari la ukaguzi wa mazao ya ekari.

Saa tano, Mkula. Wanawake kama ishirini walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya shule, kila mmoja na kanga safi. Leokadia alisimama mbele. Amezeeka, lakini bado ni mrefu kama kaka yake, na bado ananitazama kutokea juu.

"Karibu, wifi. Naona siku hizi unatembea na serikali."

"Nimestarehe, wifi. Naona siku hizi unatembea na kumi na nne."

Mabenchi yakaguna. Rehema akakohoa, akafungua kikao. Akauliza kama mbegu mpya imewasaidia. Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, tunashukuru." Mafunzo je? "Ndiyo, tunashukuru." Kuna malalamiko? "Hakuna, tunashukuru." Mnajua wenyewe tulivyo mbele ya mgeni. Hata akikukanyaga utamwambia karibu tena. Nilishindwa kuvumilia.

"Jamani," nikasimama, "mnashukuru nini? Mnajua Jumatatu inakuja na nini?"

Hawakujua. Rehema aliniangalia kwa hofu, kisha yeye mwenyewe akawaeleza, pole pole, sauti inashuka: kumi na nane haikufikiwa, kikundi kinaweza kuondolewa, muhogo unaweza kukatwa.

Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Muhogo mtakata wote?"

"Pingili zote," alisema Rehema.

"Mwezi wa pili mto uliponichukulia miche ya mpunga, mimi na watoto wanne tulikula muhogo ule mpaka mwezi wa tano. Ule mwingine wa kijijini wote una batobato, ukichimba unakuta mizizi kama vidole. Sasa mwakani mto ukija tena?"

Hakulia. Aliuliza tu, kama anayeuliza njia. Na mimi, Mungu anisamehe, hapo ndipo nilipokitoa cheti. Niliwaambia mimi ni bibi kizee na nimepata ishirini na tano. Nikawaambia kupanda kwa mistari si nyimbo za kanisani, ni kuinama. Nikawaambia palizi haisubiri. Leokadia alinisikiliza mpaka mwisho, midomo ameibana.

"Umemaliza, wifi? Basi twende shamba. Ukaone uvivu wetu."

Saa saba mchana, mashambani Mkula. Ni mwendo mfupi kutoka barabarani, maji ya mlimani yanasikika. Mashamba haya si yao, wanakodi kwa mzee mmoja wa pale. Niliingia kwenye la Leokadia nimejiandaa kuona aibu yake. Nikainama kwenye mabua.

Mimi nimelima mpunga tangu sijaota meno ya magego. Mabua yanasema. Mtu anaweza kukudanganya gunia, anaweza kukudanganya palizi, lakini shina lililobaki ardhini linakuonyesha lilizaa mara ngapi. Nilishika shina moja nikahesabu machipukizi yake. Nikashika la pili. Nikatembea mstari mzima nimeinama. Mistari ilikuwa imenyooka kuliko yangu, na mashina yalijaa kiganja. Hapakuwa na hata bua moja la magugu. Shamba kama hili halitoi kumi na nne. Haliwezi.

Nikasimama, nikaangalia mwisho wa shamba. Yule mama wa mtoto mgongoni alikuwa amesimama pembe ya mbali, na bado nilikuwa naziona hereni zake.

"Hii ndiyo ekari?" nikauliza.

"Ndiyo ekari."

"Alipima nani?"

"Yetu yote alipima mwenye shamba mwenyewe," alisema Leokadia. "Alikuja na mabuti ya mvua, yamemzidi, anayakokota. Sabini kwa sabini. Tulihesabu pamoja naye."

"Mlihesabu hatua, hamkuangalia miguu?"

"Wifi, mwenye ardhi ni yeye. Ungemwambia nini? Panua miguu, mzee?"

Wanawake wakacheka kicheko cha uchungu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini ya huyu ilikuwa fupi kupita kiasi, hatua za kuku.

Nikamwambia Rehema tupime. Akasema fomu haina sehemu ya kupima, fomu inauliza ekari ngapi na gunia ngapi, basi. Na saa zimekwenda.

"Kama fomu haina sehemu, andika pembeni. Leteni kamba."

Kila kikundi kina ile kamba ya mistari, ya mita ishirini na tano, yenye mafundo. Waliileta. Nilishika ncha moja, Leokadia akashika nyingine. Hatukuwa tumeshika kitu kimoja tangu jeneza. Tukavuta. Ilitandikwa mara mbili na kipande kidogo, tukawa tumefika kwenye tuta la mwisho. Tukapima upande wa pili, vivyo hivyo. Rehema alisema ekari ya kweli ingetaka kamba mara mbili na nusu na ziada. Akachuchumaa na kishikwambi chake, akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena.

"Hili shamba ni kama theluthi mbili tu ya ekari," alisema. "Hawa hawana kumi na nne. Wana karibu ishirini na moja."

Vigelegele vilipanda mpaka mlimani. Yule mama kijana alikaa chini kwenye mabua, mtoto akaanza kulia, naye akawa anacheka. Mimi pia nilifurahi, kwa kama pumzi mbili. Kisha Rehema aliinua uso.

"Bibi, na kule kwenu Mchombe, ekari alipima nani?"

Wenzangu, hapo ndipo safari ilipogeuka. Kwa sababu mnajua na mimi ninajua. Kila msimu natandika kamba ile ile kwenye shamba langu. Naitandika mara tatu kasoro kidogo. Mikono yangu ilikuwa inalijua jambo hilo misimu mitatu, ila hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Na aliyepima ekari zote za Mchombe, yangu na zenu, ni Kasiani. Mlikuwa mnamwita Twiga.

Nikamtazama Leokadia. Yeye ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulishika mkia, aliangalia chini, akaanza kukunja kamba.

"Walipima wanaume," nikasema. "Mimi sikuwepo."

Rehema akaandika.

Saa tisa, jikoni kwa Leokadia. Alitupikia wali na kisamvu cha karanga. Makoye na Rehema walikula nje kivulini, mimi akaniita ndani kwenye moshi, kama wifi anavyoitwa.

"Kula," akasema. "Si uji mwepesi."

"Umeanza."

"Nimemaliza. Ulikuwa msiba, wifi. Mtu kwenye msiba anatafuta wa kumlaumu." Akaniongezea kisamvu. "Kaka yangu alikuwa akitembea, mimi nakimbia nyuma yake ndipo tufike pamoja. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi. Mbele ya wageni wako sikusema, na kesho sitasema. Cheti ni chako. Mimi nina ishirini na moja zangu."

Angenitukana ningeweza kumeza. Wali ule haukushuka.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Ifakara. Kikao kilikuwa chumba kimoja, meza ndefu, maji ya chupa. Rehema alisoma taarifa yake. Aliisoma vizuri, hakutetemeka. Mratibu alimsikiliza akiwa anazungusha kalamu.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini angalieni. Vijiji vyote vimetumia hatua za kienyeji. Kama ni makosa, basi ni makosa ya wote, ulinganisho unabaki pale pale. Siwezi kupimia kijiji kimoja kamba na kuacha vingine, halafu kijiji chenyewe mwenyekiti wake ni wifi wa mkulima aliyekwenda kukagua. Wakubwa watanicheka. Mwamba ngoma huvutia kwake, mama, si unajua?"

Watu walicheka kidogo. Mimi niliona joto linapanda shingoni.

"Labda," akaendelea, "uwepo ushahidi kwamba hatua za kijiji kimoja ni tofauti na za kingine. Hapo ningesimamisha. Vinginevyo gari linakwenda Jumatatu."

Rehema alinitazama. Nadhani binti yule alikwisha kujua tangu shambani, akaniachia, kama Leokadia alivyoniachia. Watu wanapokuachia mzigo wako wote kwa pamoja, ndipo unapojua uzito wake.

Niliwafikiria nyinyi. Sisemi uongo. Niliiona pawatila, nikaziona nyuso zenu mlipokuwa mnanisindikiza. Nikaifikiria bahasha iliyo mapajani mwangu. Nikajisemea: nyamaza, bibi, uko mbali na kwenu, nani atajua? Kisha nikamwona yule mama anayeuliza, mwakani mto ukija tena? Na nikamwona Kasiani, anavuka jaruba kwa miguu ile, anahesabu kwa sauti, sabini, bila kumpunja mtu. Mtu yule hakuwahi kumpunja mtu. Leo hatua zake zilikuwa zinapunja watu wa Mkula muhogo wao.

Nikasimama. Goti lililia.

"Ushahidi ni mimi."

"Mama?"

"Ekari zote za Mchombe alipima mume wangu, na mume wangu alikuwa mrefu kupita huo mlango wenu. Kamba inatandikwa kwangu mara tatu kasoro kidogo. Mkula ni mara mbili na kipande. Piga hesabu, Rehema."

Rehema akapiga. Chumba kizima kilisikia kidole chake kwenye kioo.

"Shamba lako ni ekari moja na sehemu moja ya tano, hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Bibi ana ishirini na nusu. Na kidogo."

"Na Mkula?"

"Ishirini na moja kasoro."

"Kwa hiyo wifi kanipita."

"Kwa kama debe moja, bibi."

Hapo hakucheka mtu. Nilitoa cheti kwenye bahasha nikakisukuma mezani mpaka kikagusa mkono wa mratibu.

"Hiki mlinipa mimi na marehemu bila kujua. Yeye hawezi kukirudisha, nakirudisha kwa niaba yake."

Bwana yule aliweka kalamu chini. Ninampa haki yake: hakubishana. Alimwambia karani wake apige simu, gari la Jumatatu lisimame. Mashamba ya vikundi vyote yapimwe kwa kamba kabla ya kuamua chochote. Pawatila ibaki stoo. Akanirudishia cheti, akasema nikitunze. Sikujua nikishike vipi.

Jumamosi asubuhi nilirudi. Makoye alinileta mwenyewe. Leokadia alikuwa amemtuma mtu na furushi la pingili mpaka Ifakara, limefungwa kwa kipande cha kanga, nikalipakata njia nzima. Makoye hakutania. Tulipovuka Mbingu ndipo aliposema, "Bibi, watakukasirikia kule."

"Watakasirika."

"Ungenyamaza."

"Kata kona vizuri, Makoye, kuna ng'ombe zako."

Mlinipokea mnavyojua. Mlitaka kusikia siku ya pawatila, mkasikia kwamba watu wa kamba watakuja. Katibu akaniuliza mbele ya wote nililipwa nini. Fundi baiskeli akasema damu nzito kuliko maji. Sikujibu, nilikuwa nimechoka, na baadhi yenu mna umri wa watoto wangu. Sasa najibu. Sikulipwa. Na Leokadia si damu yangu. Ni damu ya Kasiani.

Jana asubuhi, kabla ya kuanza kuandika, nilikwenda shambani peke yangu. Sikuchukua kamba. Nilisimama kwenye pembe aliyoanzia yeye, pale penye kile kisiki, nikaanza kutembea kwa hatua zangu mwenyewe, nahesabu kwa sauti kama yeye. Nilipofika sabini, tuta lilikuwa bado liko mbele, mbali. Niliendelea. Themanini. Tisini. Nililigusa tuta kwenye tisini na nane.

Nilikaa juu yake kidogo. Misimu hii yote nimekuwa nikipita kijijini nimeinua shingo, nasema haya ni ya mikono yangu, na kumbe mzee yule, miaka tisa ardhini, alikuwa bado ananisaidia kubeba.

Nilichojifunza ni hicho, na kingine kidogo: kabla hujamwita mwenzako mvivu, uliza nani aliyempimia. Watu wa kamba wanakuja wiki ijayo. Watakaokuja wapokeeni vizuri, msiwaambie tu tunashukuru. Pingili za Leokadia nimezipanda nyuma ya nyumba, zikikua kila mmoja wenu atapata, hata katibu.

Na lile jina lifuteni. Kuanzia leo mniite Bibi Ishirini na Nusu. Hizo nilizivuna mimi. Zilizobaki alizivuna Kasiani kwa miguu.